Kanda Nilizofuta Kimamba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara, redio kaseti zimejaa madukani, na kila kijana anataka kusikika mjini. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Kimamba, karibu na stesheni ya reli. Mtu analeta kanda tupu na orodha ya nyimbo, mimi namrekodia. Nikisema wimbo fulani haufai, Kimamba nzima haiusikii. Kichwa kilikuwa kimenivimba, nakuambia ukweli.

Wakaja Sefu na Yohana, vijana wa rika langu, waliokulia kwenye kambi za mkonge kama mimi. Walikuwa na kundi la rap wakiliita Wana Korona. Usicheke. Korona kwetu ilikuwa mashine ya kuchakata mkonge, na ilikuwa imeshazimwa kwa sababu shamba limefungwa. Walikuwa wamerekodi albamu nzima Morogoro mjini, nyimbo nane. Wenzao wote waligeza, wakighani juu ya midundo ya Wamarekani. Wao walimchukua Mzee Chande, mpiga besi wa bendi ya zamani ya shamba. Mzee huyo alipenda fanki, ule muziki wa Wamarekani weusi ambao besi ndiyo inaongoza na wengine wote wanaifuata.

Waliniachia kanda ishirini niwauzie. Walikuwa wamevunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kila kanda, ili mtu asirekodi juu yake. Wakiwa bado hapo nikaweka moja kwenye redio, nikasikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, nikaizima.

"Mmeniletea rap ya harusini," nikamwambia Yohana, "halafu mzee wenu anakoroma kwa gitaa."

"Sikiliza yote kwanza, kaka," akanijibu. "Wimbo wa mwisho ndio wenyewe."

Nikamwahidi nitasikiliza. Sikusikiliza.

Sikukuu ya Idi ikakaribia, kila mtu anataka taarabu, na kanda tupu zikaniishia. Nikazitazama zile ishirini zikishika vumbi rafuni. Sisi watu wa vibandani tulikuwa na mbinu yetu: unasokota karatasi, unaziba vile vitundu vya mgongoni, na kanda inarekodiwa upya kama haijawahi kuwa na mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa zote ishirini. Kazi yenyewe nikaifanya huku napiga soga na wateja.

Baada ya sikukuu akaja Mzee Chande mwenyewe, kwa miguu kutoka Chanzuru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipatie kanda moja ya vijana wetu, nikawasikilizishe wenzangu."

"Zimekwisha, mzee."

Uso wake ukachangamka. "Watu wamezinunua zote?"

Hapo ningeweza kudanganya, tena kwa raha. Ule uso ndio ulionishinda. Nikasema, "Nimezifuta. Hazikuwa na mnunuzi."

Akakaa kwenye benchi la wateja. Kisha akaniuliza, "Ulizisikiliza ukaziona mbaya?"

"Nilisikiliza wimbo mmoja. Nusu yake."

"Basi hukufuta kitu kibaya," akasema. "Umefuta kitu usichokijua. Na kule Morogoro, ile kanda mama iliyozaa hizi zote, wamesharekodi kwaya juu yake."

Hakupaza sauti. Laiti angenipiga fimbo, ningekuwa nimeshasahau. Aliaga akaondoka, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata tukamzika. Sefu aliacha kuimba, akahamia mbali. Yohana akaenda Mikumi kuziba pancha za malori. Mimi nikaendelea na kibanda changu mpaka kanda zenyewe zikapitwa na wakati.

Mwaka jana nilikwenda Mikumi kumjulia hali Yohana, anaumwa miguu. Tulipomaliza kula akamwagiza binti yake alete bahasha ya nailoni. Ndani mlikuwa na kanda ya ishirini na moja, ambayo mama yake alimtunzia tangu siku zile. Miaka yote hiyo hakuniambia, na simlaumu. Wewe ungemwamini mtu kama mimi?

Tukaisikiliza yote. Mwanangu, albamu ile ni nzuri. Wimbo wa tatu umepwaya kidogo, naye Yohana anakubali. Lakini besi ya Mzee Chande inatembea taratibu, haina haraka na mtu, na Sefu anaingia amechelewa kidogo kwa makusudi, mpaka unatikisa kichwa bila kujijua. Kile nilichokiita kukoroma ndicho kilichobeba kila kitu.

Halafu ukaja wimbo wa mwisho. Hakuna majigambo. Besi inapiga chini kabisa, na vijana wanapokezana kutaja majina ya wakata mkonge waliozikwa nyuma ya kambi bila alama yoyote, kila mmoja na alikotoka na mahali alipolazwa. Mzee Chande ndiye aliyewapa majina yale, kwa kuwa alifanya kazi nao. Katikati nikamsikia Yohana wa ujanani akisema: Simoni Mpiga Mluzi, wa Songea, karibu na kisima cha zamani.

Huyo ni baba yangu. Alifariki nikiwa mgongoni kwa mama. Mama alihamia kambi nyingine, akaolewa tena, nami nikakua kwa jina la baba mlezi. Kuhusu baba mzazi aliniambia jina hilo tu, hakuweza kusema zaidi. Kaburi lake sikuwahi kulijua. Na mtu aliyefanya kazi naye alikaa kwenye benchi langu, nikamwacha aende zake. Nililia mbele ya binti wa Yohana, sikuona haya.

Kaburi nimelikuta, palepale karibu na kisima. Lakini baba alikuwa mtu wa namna gani, hakuna tena wa kuniambia.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kazi ya mtu ikifika mkononi mwako, isikilize yote ndipo useme haifai, na usichokijua usikifute. Wazee wanaokumbuka majina waulize wiki hii, wakiwa bado wanaweza kukujibu. Mungu akujalie masikio yenye subira, na uwakute hai wale unaopaswa kuwauliza. Amina.