Kaburi la Amplifaya ya Taa

Vumbi linaloungua juu ya kioo cha moto lina harufu yake, na nikiisikia popote narudi kuwa mtoto wa miaka sita, Koboko, mji wa mpakani na Zaire, kwenye sebule yetu ya sakafu ya saruji. Baba alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya jeshi, na nyumbani alikuwa na amplifaya yake mwenyewe, ya taa: sanduku zito la mbao ambalo nyuma yake zilisimama taa nne za kioo, ndefu kama vidole vyake. Ukiiwasha ulisubiri kwanza zipate moto na kuwa nyekundu, ndipo sauti itoke. Ilikuwa na matundu mawili, moja la gitaa na jingine la maikrofoni ya Mama, aliyeimba naye kwenye harusi za Koboko na Arua. Sijui Mama alikuwa mwimbaji hodari kiasi gani. Watu wakishakufa husifiwa wote. Najua tu kwamba wakifanya mazoezi nilikaa nimeegemea lile sanduku, nalo lilitetemeka mpaka nikasinzia.

Mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka, familia za wanajeshi zilijua kisasi kitafuata, na watu wakaanza kuvuka kwa miguu kwenda Zaire. Visivyobebeka vilizikwa: mabati, cherehani, sufuria za harusi. Kwa kuwa kila mtu alizika, waporaji nao walijua pa kuchimba. Baba akajiona mjanja kuliko wote. Aliifunga amplifaya kwa turubai na ngozi ya ng'ombe, akaichimbia shimo refu nyuma ya nyumba, akalipima kwa kufuata kibla, kisha akapanga mawe juu yake kama kaburi la mtu. Mama hakupenda. "Kaburi hapana kitu ya kucheza," alimwambia. Baba akajibu kwamba ni miezi miwili tu.

Miezi miwili ikawa miaka saba. Katika mwaka wa pili Mama alishikwa na homa, akafa siku ya nne, tukamzika huko Zaire kwenye ukingo wa shamba la watu tusiowajua. Gitaa tulikuwa tumevuka nalo, lakini tangu siku ile Baba alilitundika ukutani na hakuligusa.

Tuliporudi Koboko nyumba haikuwa na paa wala milango. Kaburi, kinyume chake, lilikuwa limefagiliwa, na mawe yake yamepakwa chokaa. Jirani yetu Haboba Zamzam, haboba ikiwa ni bibi kwa Kinubi, alikuwa ametangulia kurudi, akaliona, akaamini kwamba mmoja wetu aliuawa kabla hatujavuka. Kila Ijumaa alikuja kuliombea dua. Baba alipotokea na jembe, bibi yule alisimama mbele yake.

"Ramadhani, wewe nataka kufukua mutu?"

"Haboba, hapa hakuna mutu. Iko amplifaya."

Sijawahi kumwona Baba akiona aibu namna ile. Haboba alikaa chini, akauliza Mama yuko wapi. Alipoambiwa alipangusa macho kwa ncha ya mtandio wake. "Basi dua yote ilikuwa ya yeye," alisema. "Mungu iko najua pahali ya kupeleka." Kisha akasogea, tukachimba.

Tuliipeleka Arua kwa Baba Mdogo, ndugu yake Baba, aliyekuwa fundi wa redio. Aliianika juani wiki nzima, akabadilisha nyaya zilizooza, na taa moja iliyopasuka akaitafutia nyingine kwenye redio ya kale iliyokwisha kufa. Yeye mwenyewe alikuwa na amplifaya ya transista: nyepesi, inakubali betri ya gari, haingoji kupata moto. Hakuona kwa nini mtu mwenye akili timamu ahangaike na ile nyingine. "Kaka, hii imekufa, sauti yake iko na udongo ndani," alisema. "Chukua yangu. Hii mimi nafungua, natoa transfoma." Baba akashusha gitaa begani, akapiga, akasikiliza, akapiga tena. Hakuweza kuamua. Ndipo akaniita, akaniambia nikae nitazame ukuta.

Ilikuwa mchana, jenereta inanguruma nje. Alipiga wimbo uleule wa harusi mara mbili. Mara ya kwanza sauti ilitoka safi na ya haraka, kila uzi peke yake, na alipoinua kidole ikakatika palepale. Mara ya pili ilitoka nene. Alipoukaza mkono ilikwaruza pembeni, na alipoinua kidole ilibaki kidogo hewani. Tena ilikuwa na mvumo chini yake, kwa hiyo nilijua wazi kwamba hiyo ndiyo ya taa. Nikisema kweli, ile ya kwanza ndiyo iliyonipendeza.

"Gani iko kama ya mama yako?" Baba aliuliza.

Niliitafuta sauti ya Mama. Niliukumbuka mwanya wake, nikaikumbuka leso yake ya kijani, nikakumbuka hata alivyopepeta ufuta. Sauti haikuwepo. Niliogopa kuliko siku tuliyovuka mpaka. Lakini nilijua nikisema sijui, sanduku litafunguliwa, na gitaa litarudi ukutani. Nikasema, "Ya pili." Baba akalia mbele ya mdogo wake, na Baba Mdogo akarudisha bisibisi zake kwenye boksi. Tangu hapo hadi miaka ya tisini Baba alipiga kwenye harusi za Koboko, Ludara na Adumi, na kila mara lile sanduku lilihitaji wanaume wawili kulibeba.

Siku hizi mpwa wangu ana programu kwenye simu inayoiga amplifaya za aina zote mbili, na yeye na wenzake hubishana ipi ina sauti tamu. Wakiniuliza huwajibu kama mjuzi: ya taa ni nene, ya transista ni safi, chagua kwa wimbo. Simu hiyohiyo imehifadhi sauti yangu nikigombana na muuza nyanya, nikicheka, nikikohoa. Nikifa watanisikia mpaka wachoke. Sisi tulikuwa na amplifaya mbili na hatukuwa na hata neno moja la Mama.

Mwaka jana nilishindwa kuendelea kuubeba ule uongo. Nilikwenda Koboko, nikakaa karibu na sikio la Baba ambalo bado linasikia, nikamwambia kwamba siku ile Arua sikuikumbuka kabisa sauti ya Mama.

Alivua kofia yake, akaiweka mapajani.

"Mimi pia ilikuwa nasahau," alisema. "Ndiyo sababu niliuliza wewe."