Chumba Kisicho na Kitanda

Miaka ile Olaya, mtaa wa Riyadh, ilikuwa nusu jangwa, nusu winchi za ujenzi. Humo, katika ofisi iliyonuka rangi mbichi, Mselem Badawi alipewa kazi asiyoielewa. Bosi wake, Abu Rakan, mfanyabiashara wa pampu za maji na ndiye kafili wake, mdhamini wa ukaazi wake nchini, alimtupia mezani vijitabu vitatu vya picha.

"Nakwenda Japani kununua pampu, na mama nakwenda naye. Magoti yanamuuma, na anataka kuiona theluji kabla hajafa. Huko milimani kuna nyumba za wageni za jadi, maji ya moto yanatoka ardhini. Mchagulie moja."

"Nitajuaje iliyo bora, bosi?"

"Si wewe unayesoma Kiingereza? Akifurahi, ofisi ya safari ninayofungua utaishika wewe. Akirudi amenuna, unarudi stoo. Yalla."

Mselem alishinda na vijitabu vile asubuhi nzima. Nyumba ya kwanza ilikuwa na vitanda na mazulia, lakini wageni wake walioga pamoja bwawani, wanaume kwao, wanawake kwao, wote uchi. Akakifunga kijitabu haraka, kana kwamba mama yake bosi alikuwa nyuma yake akichungulia. Ya pili ilikuwa vivyo hivyo.

Ya tatu ilikuwa na birika la mbao nyuma ya kila chumba, mtu aoge peke yake, theluji imelala ukingoni. Lakini chumba chenyewe kilikuwa kitupu. Majamvi ya majani, meza fupi kama mbuzi ya kukunia nazi, na kijiti kimoja cha maua. Usiku mtumishi huja kutandika godoro jembamba chini. Na hiyo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Mselem alidhani wachapishaji wamekosea bei.

Kulala chini alikujua. Mwaka waliokimbia Unguja, ukoo mzima ulilala chumba kimoja huko Al-Baghdadiyah, Jeddah, mkeka ukipanda juu ya mkeka. Mshahara wake wa kwanza aliununulia kitanda cha chuma. Tangu hapo ubavu wake haukugusa sakafu.

Akaichagua ya tatu kwa ajili ya stara ya lile birika, kisha akapeleka teleksi kuomba waongeze vitanda viwili, virefu. Jibu likaja kwa upole mwingi: wanasikitika, miguu ya vitanda itayaumiza majamvi.

Mselem akapanda ndege hadi Jeddah kumuuliza mama mwenyewe, kwenye jumba la bosi lililoko Aziziya. Dada yake Mwatima ndiye aliyekuwa akimtunza yule bibi, mama yake bosi, na ndiye angefuatana naye safarini.

"Maji ya moto, kaka?" Mwatima alimpokea akicheka. "Si angefungua bomba la hapa mchana wa Agosti. Tangi liko juani juu ya paa. Unatoka umeiva."

"Acha mzaha, Mwatima. Mwenzio nimechanganyikiwa."

Akamwingiza ndani akasalimie. Kitanda cha Kitaliano chenye simba wa dhahabu kilijaza chumba. Juu yake palikuwa na mabuibui yaliyopigwa pasi na katoni ya tende. Bibi mwenyewe alikuwa chini, kwenye godoro jembamba lililoegemea ukuta.

"Halali kitandani?" Mselem alinong'ona kwa Kiswahili.

"Hajakilalia hata siku moja. Bosi akija tunavuruga shuka."

Mselem akamwonyesha bibi ile picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Viatu wanaacha wapi?"

"Mlangoni, mama."

"Na watu hawa wanahama au wanahamia?"

"Ndivyo wanavyoishi, mama."

"Basi wana adabu. Nipeleke hapa."

Kule Riyadh, Abu Rakan aliikodolea macho picha ileile. "Kitanda kiko wapi?"

"Hakuna, bosi."

"Kwa bei hii? Mama yangu alale chini kama enzi za hema?"

Mselem aliwaza shuka zile zinazovurugwa. Akisema, amemchoma dada yake. "Nimemwonyesha picha. Kachagua mwenyewe."

Bosi aliziangalia winchi dirishani. "Halas," alisema mwishowe. "Weka vyumba viwili kama hicho. Ila hapa mjini, mtu akikuuliza, tumelala hotelini."

Wakaenda wakati wa baridi, wakarudi. Mwatima alipiga simu kusema bibi alilia siku ya kuondoka kule, na alipofika nyumbani tu alimwambia mwanawe wazi: kitanda kitoke.

Mselem akapewa ofisi yake. Juu yake ikaja na zawadi kwa lori kutoka Jeddah. Wapagazi walihangaika nayo ngazini hadi chumbani kwake, wakakitoa nje kitanda chake cha chuma, wakaiunga zawadi ndani, wakaondoka. Simba wa dhahabu waligusa ukuta huu na ule. Mselem alisimama mlangoni, viatu mkononi, asijue apite wapi, wala kama ametunukiwa au ametupiwa.