Kadi Alizopitisha Jerida

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mashine iliponitaja mimi peke yangu mbele ya ofisi nzima, na Jerida akageuka kuangalia dirishani. Namtaja kwa jina, kwani nimfiche kwa nini? Yeye yuko hai na mimi niko hai.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulifanya kazi katika maktaba moja katikati ya mji, na tulikaa chumba kimoja huko mtaa wa Satellite, wasichana wawili wa kutoka Magharibi. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini taipu nilijua. Nilipiga kadi za vitabu, na kila moja niliitia alama yangu pembeni. Jerida alikuwa amesoma kidogo kunizidi, kwa hivyo akafanywa mkaguzi. Sikufichi, moyo ulishaanza kuniwasha hapo.

Kila droo ya kadi ilikuwa na ufito wa chuma uliopita kwenye matundu ya kadi kwa chini. Kadi mpya ilisimamishwa juu ya ufito. Mkaguzi akiisoma na kuiona iko sawa, anachomoa ufito, kadi inaanguka mahali pake. Ikiwa na kosa, anamrudishia aliyeipiga.

Halafu ikaletwa kompyuta, kubwa kama kabati la nguo, ya kukagua kadi zote: ipi haina mwaka, ipi namba yake si ya kweli. Mama Muthoni, mkubwa wetu, akasema mmoja wetu atafundishwa kuiendesha. Atavaa koti jeupe! Lile koti nililiota.

Tangu siku hiyo sikurudishiwa kadi hata moja. Nikafikiri nimekuwa hodari. Kumbe Jerida alikuwa anaona makosa yangu na kuchomoa ufito tu. Mashine ikatema karatasi ndefu, na kila kosa lina alama yangu.

"Jerida, si ulizisoma?" nikamuuliza tukishuka ngazi.

"Nilizisoma, dada. Kwani ni mimi nilizipiga?"

Koti akalivaa yeye. Akahamia Kilimani, kwa wenye pesa. Mtu akimsifu viatu vyake, chakula kilinigeuka mdomoni.

Baadaye akaja mwenyewe mezani kwangu. "Raeli, makosa inayotema hii mashine yamenishinda. Nataka mtu wa kuyarekebisha, nikakuombea wewe."

"Tafuta wa Kilimani," nikamwambia.

Mama Muthoni akaniita. "Wewe, umekataa mashine ama umekataa Jerida?"

"Jerida."

"Basi mashine haijui ugomvi wenu. Kesho namweka msichana mwingine, na wewe utabaki na taipu yako mpaka siku itakapotolewa."

Ikatolewa kweli, na mimi nikatolewa nayo. Yule msichana mwingine alikaa ofisini mpaka akastaafu. Mimi nauza sukumawiki sokoni. Jerida simsamehi, na koti lile bado linanichoma.

Sasa sikia, mwanangu. Kazi yako ikague mwenyewe, hata kama kuna mwingine wa kuikagua, hasa kama anakitaka unachokitaka. Na aliyekukosea akikufungulia mlango, ingia. Ingia umenuna, usimsalimie ukipenda, lakini ingia. Ukishakaa kitini, mgombeze mpaka jioni. Mimi nilibaki nje nikidhani nimemkomoa.

Mungu akupe kazi itakayokutunza, akupe moyo mwepesi kuliko huu wangu, na akikuwekea Jerida wako njiani, akupitishe salama.