Mkono Uliosuka Asubuhi Ile

Ukimwuliza Bi Chanuo habari za mdogo wake, atakwambia anamjua nesi mmoja pale hospitali, ila mdogo wake alimpoteza siku nyingi. Hatanii. Huyo nesi ni tumbo moja na yeye, wamelala kitanda kimoja, wamevaa gauni moja kwa zamu. Lakini nesi aliingia ofisi ya mganga mkuu, akaulizwa neno moja mbele ya wakubwa wake, naye akajibu, "Mkono wa dada ulikuwa umeshalala tangu nyumbani." Akatoka, akarudi kazini. Kajineno kadogo tu. Bi Chanuo amekaa nako kooni kama mwiba wa samaki, hakashuki wala hakatoki.

Huyu Bi Chanuo alikuwa msusi. Si msusi wa kubahatisha, msusi ambaye bibi harusi anamngoja yeye na harusi inamngoja bibi harusi. Alianza utotoni, baba alipotoka kwenda dukani akasahau njia ya kurudi na mama akabaki na pumu yake. Akaweka kigoda barazani, akachomeka chanuo nyweleni, jina likamganda. Vichwa vya mtaa mzima ndivyo vilivyomsomesha mdogo wake mpaka akavaa nguo nyeupe. Na kichwa cha mdogo wake mwenyewe hakikuguswa na mtu mwingine. Tangu ana kipilipili cha kushika kwa kucha, alisukwa na dada.

Basi siku moja ngazi za nyuma zililowa, Bi Chanuo akateleza na ndoo yake, mfupa wa mkono wa kulia ukakatika hapo kati ya bega na kiwiko. Akalazwa. Wakasema atapasuliwa, atiwe chuma mfupa uunge. Hakuogopa, maana mdogo wake alikuwa nesi wa chumba hicho hicho cha upasuaji. Alijisemea, atakuwepo wa kwangu.

Asubuhi ya kupasuliwa, nesi alipita wodini. Alipovua kofia, suko moja la kisogoni lilikuwa limefumuka, limesimama kama mkia wa paka. Dada mtu akamwambia, "Utaingia kwa wagonjwa na kichwa hicho? Piga magoti." Nesi akapiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa dada ulikuwa umefungwa shingoni kwa kitambaa, lakini vidole vilikuwa huru, vyepesi kama siku zote. Akalisuka lile suko upya, akalifunga. Maumivu ya mfupa yalimtoa jasho, vidole havikumwangusha. Wakacheka kidogo. Kisha akasukumwa kwenda kupasuliwa.

Alipoamka, kiganja kilikuwa kinaning'inia kama tambara kwenye kamba. Akikiambia inuka, hakiinuki. Akiviambia vidole vinyooke, vinamtazama tu. Daktari aliyempasua, mtu wa haraka haraka, akasema mfupa ukivunjika huweza kuumiza mshipa wa fahamu, kwa hiyo ameumia alipoanguka. Bi Chanuo akamwambia aliingia pale na vidole vizima. Wakabishana mpaka wakaitwa kwa mganga mkuu, na mganga mkuu akataka shahidi aliyemwona mgonjwa kabla hajapasuliwa. Shahidi alikuwepo, tena ushahidi alikuwa ameubeba kichwani, chini ya kofia. Ndipo nesi akasema yale aliyosema.

Nyumbani nako hakukumfaa. Mjomba aliwakalisha, akaamua kwamba Bi Chanuo ana uchungu wa mkono na anatafuta wa kumtupia, basi aache kumchafulia mwenzake kazi. Majirani wakasema ana wivu, mdogo kapanda na yeye kabaki barazani. Na mama, mama aliyelishwa na vidole hivyo, alimsihi mpaka kwenye pumzi za mwisho amwombe radhi mdogo wake. Hakuomba. Mama akazikwa akiamini ana binti mmoja mkweli na mmoja mzushi, na wa kweli akawa yule mwongo. Hilo ndilo lililomkausha Bi Chanuo, kuliko hata mkono. Kigoda akakigawa. Akawa anauza mkaa kwa mkono wa kushoto.

Miaka ikaenda, chuma kikachoka. Skrubu ikaanza kusukuma ngozi ya mkono kutoka ndani, pakavimba, pakatoa usaha. Yule daktari wa haraka alishahama. Alikuwepo daktari mwanamke, ana miwani mikubwa na maneno machache. Akasema chuma lazima kitoke. Bi Chanuo akamwambia mara ya kwanza mliingia mnatafuta kwa macho, mkanikosea, leo mtatafuta kwa kitu gani?

"Kwa picha, mama," daktari akasema. "Kabla ya kisu tutaufuata mshipa kwa ultrasaundi, tuuchore juu ya ngozi. Nitajua ulipo."

Bi Chanuo aliijua ultrasaundi ni ya wajawazito, akamwambia mimba yake ya mwisho imeshampa wajukuu. Lakini akakubali, kwa sharti moja. Nesi mkuu aitwe, awepo; na nesi mkuu sasa alikuwa yule mdogo wake. Daktari hakujua udugu wao, akamwita.

Nesi akaja, mnene siku hizi, nywele amezinyoa kabisa. Akasimama karibu na mlango. Mpiga picha wa ultrasaundi akapaka mkono jeli ya baridi, akaburuza kidude chake kuanzia karibu na kwapa. Kwenye kioo kikatokea kiduara chenye vitundu kama sega la nyuki. Akasema huo ndio mshipa wenyewe. Akaufuata taratibu, unazunguka nyuma ya mfupa, unashuka, unashuka. Ghafla akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akashuka tena. Akamwita daktari aje aone. Mshipa ulifika kwenye chuma ukapita chini yake, ukabanwa kati ya chuma na mfupa, na ng'ambo ya pili ukatoka mwembamba kama uzi.

Bi Chanuo akauliza taratibu, "Mwanangu, hiki chuma nilianguka nacho kwenye ngazi?"

Mpiga picha akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Daktari akavua miwani. Akasema hapana, mama, mshipa umewekewa chuma juu yake siku ya upasuaji. Akamwambia pia bila kumficha kwamba nguvu za vidole hazitarudi, mshipa umebanwa miaka mingi mno, lakini sasa wanajua mahali pa kutokata, na hicho kilichobaki kitabaki.

Bi Chanuo akageuza shingo kuelekea mlangoni.

"Nesi. Asubuhi ile nani alikusuka?"

"Dada, nilikuwa ndiyo kwanza naajiriwa, yule daktari alinitisha..."

"Sijauliza hilo."

Nesi akapitisha mkono kwenye kisogo chake kitupu. "Wewe."

"Kwa mkono upi?"

"Yote miwili."

"Sasa mpigie mjomba. Weka sauti kubwa, masikio yake yamezeeka."

Nesi akapiga pale pale, kamasi zinamtoka. Akamweleza mjomba yote, suko, kofia, ofisi ya mganga mkuu, na kwamba mama alikufa ameshikilia uongo wake. Kisha sauti ya mzee ikasema, imepasuka, "Mpe dada yako niongee naye."

Nesi akanyoosha simu kwa mikono miwili, akapiga magoti kando ya kitanda, mahali pale pale pa zamani, kichwa chake kikaja usawa wa vidole vya dada. Akasema, "Dada, nisamehe."

Bi Chanuo hakukigusa kichwa wala simu. Alimtazama daktari, aliyekuwa ameshafungua kalamu na kuanza kuchora mstari mweusi juu ya ngozi, akifuata mshipa.

"Mwambie mjomba nina kazi, nachorwa mkono," akasema. "Na wewe daktari, siku ya kisu nitafutie nesi mwingine."