Mtori wa Endulen

Mke wangu alijifungua salama pale hospitali ya Endulen, mtoto wa kike mwenye sauti ya dalali wa mnadani. Tabu ilianza tuliporudi nyumbani, kwenye kijumba cha mwalimu pembeni mwa shule. Kila nilichompikia alikisukuma kando. Wali akasema unanuka moshi. Ugali na maharage akaviangalia tu. Chai ya maziwa alikunywa nusu kikombe. Maziwa yake yakawa hayatoshi, mtoto akawa analia, mama analia, na mimi nikatoka nje kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

"Nataka mtori," aliniambia. Wala hakuwa anadeka. Alisema vile anavyosema mtu anayeomba maji.

Kwetu Kilimanjaro mwanamke akizaa hupewa mtori. Ni supu nzito ya ndizi mbichi na nyama, inapondwa mpaka inalainika, na mzazi anainywa asubuhi na jioni hadi mashavu yanajaa. Ndivyo tunavyomwambia mwanamke kwamba ana watu. Sasa mimi, kwa kufuata kazi, nilikuwa nimemleta ndani ya Hifadhi, mahali ambapo kulima hakuruhusiwi. Mgomba hakuna. Hata mchicha wa nyuma ya jiko hakuna. Kuna ng'ombe, kondoo, upepo, na nyati wanaokatiza uwanja wa shule watoto wakiwa mstarini.

Mama mkwe alikuwa anaumwa goti, safari haiwezi. Basi akawa anatoa maagizo kwa simu, na kwa kuwa mtandao unashika vizuri juu ya kilima nyuma ya shule, kila jioni nilipanda kwenda kuyapokea.

"Amekula?" aliuliza.

"Kidogo, Mama."

"Mtori?"

"Ndizi hazijapatikana, Mama."

Akashusha sauti. Mama mkwe wangu akishusha sauti, ni afadhali agombe.

"Sikia, baba. Mimi sina ugomvi na wewe. Ila nimeshaongea na shemeji yako. Jumamosi anakuja na gari kumchukua mwanangu na mtoto, waje kukaa huku."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka wapate nguvu."

Nilitaka kujibu, lakini nyati mmoja alikuwa ametokeza kichakani, ananitazama kana kwamba nimekopa kwake. Nikakata simu nikateremka mbio. Baadaye nilisikia kwamba ukweni nimeitwa mtu asiyekuwa na adabu.

Huko kupata nguvu nakujua. Wapo walimu wenzangu ambao wake zao walishuka Moshi kupata nguvu, na hadi leo bado wanazitafuta. Na lililoniuma zaidi si mama mkwe. Ni kwamba sikuwa na hakika kama mke wangu mwenyewe anataka kubaki. Hakuwahi kulalamika tangu tuje, lakini siku hizo alikuwa akikunja nguo za mtoto anaziweka kwenye begi badala ya kabatini. Niliona, nikaogopa kuuliza.

Aliyekuwa akitusaidia ni jirani yetu, mama wa Kimasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya korongo. Alikuja kila asubuhi kumshika mtoto ili mwenzangu apumzike. Siku moja alichungulia sufuria yangu.

"Mwalimu, mke amezaa unampa maharage?"

"Ndiyo kilichopo, mama."

"Ngoja nilete mafuta ya kondoo."

Nikamshukuru, nikamwambia mke wangu anataka ndizi, na ndizi nitazileta. Akacheka, akaendelea kumbembeleza mtoto.

Alhamisi nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda gari la kwenda Karatu alfajiri, nikamwacha jirani na wagonjwa wangu wawili, maana hivyo ndivyo nilivyowaona. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito hata dereva akatoa kichwa nje kutafuta barabara. Sokoni Karatu nilimkuta mama muuza ndizi wa kwetu, mmoja wa wale waliohamia na biashara zao. Nilipomweleza shida hakubishana bei. Alichagua mshare mwenyewe, zile za mtori hasa, akazibonyeza moja moja. Kisha akanitilia viazi kwenye kiroba. "Hivi vimelimwa huko Daa," akasema. "Mzazi haendewi mkono mtupu."

Nilirudi nimeukumbatia mkungu kama mtoto wa pili. Tulipokaribia geti la Hifadhi dereva akasema tufunge vioo, nyani. Nilimsikia. Kioo cha upande wangu kilikuwa hakina mkono wa kukizungushia. Nikaweka bega langu pale dirishani, nikadhani bega la mwalimu linatosha.

Nyani yule hakuwa hata na haraka. Aliingiza mkono juu ya bega langu, akashika mkungu, akavuta. Nikavuta na mimi. Tukaangaliana. Alipofungua mdomo nikaona meno, nikaachia. Alikwenda kukaa juu ya ukuta, akaanza kumenya. Nikashuka. Watu wakaniita, "Mwalimu, rudi!" Nikavua kiatu nikamtupia. Kiatu alikikwepa, mkungu akaondoka nao, ukadondosha ndizi mbili njiani.

Nilirudi garini na ndizi mbili na kiatu, nikalia, mbele za watu. Mzee mmoja kwenye kiti cha nyuma akanipa pole. "Usihuzunike sana, Mwalimu," akasema. "Huenda na yeye ana mzazi nyumbani." Gari zima likacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa nilipotoka darasani nikamkuta jirani jikoni kwangu. Kwao mwanamke akizaa huchinjiwa kondoo, na yeye alikuwa amechoka kusubiri ndizi zangu. Alileta mbavu, mafuta kwenye kopo, na kibuyu cha maziwa. Ukikosa titi la mama, hata la mbwa hunyonywa, nikajisemea, ingawa kwa kumlinganisha yule mama na mbwa ningechapwa fimbo. Nikaosha mikono.

Nilichemsha mbavu mpaka nyama ikaachia mfupa. Nikamenya viazi vya Daa vyote, nikazimenya na zile ndizi mbili kwa heshima, nikatia. Kipekecho cha kupondea sikuwa nacho, nikaponda kwa kitako cha chupa ya soda. Mara vikashikana, chupa ikasimama yenyewe katikati ya sufuria.

"Mwalimu anapika saruji," jirani akasema.

Akamimina maziwa ya kibuyu, yale yenye harufu ya mkaa wa mti wanaosafishia vibuyu vyao, mimi nikatia mafuta ya kondoo na chumvi, tukapokezana chupa. Kidogo kidogo ikalainika. Rangi haikuwa yenyewe. Nikajaza bakuli nikaingia chumbani.

Mke wangu alionja kijiko kimoja. Akakaa nacho mdomoni.

"Hii siyo mtori," akasema.

"Najua."

"Ndizi ziko wapi? Si ulikwenda Karatu?"

Jana yake nilikuwa nimemwambia tu kwamba nimezikosa. Sasa nikamweleza yote: kioo, bega, meno, kiatu, na yule mzee wa kiti cha nyuma. Kwanza alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akashika tumbo, "Niache bwana, naumia," akacheka tena, na kati ya kicheko na kicheko akawa anakula. Nilishikilia bakuli tu, nisije nikaharibu. Bakuli liliisha.

"Kesho punguza viazi," akasema.

Kesho ilikuwa Jumamosi.

Shemeji alifika saa za mchana, gari jekundu kwa vumbi. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na mkungu mzima wa mshare. Mama mkwe aliutuma ili mwanawe asikose mtori watakapolala Karatu kwa ndugu.

"Shemeji, mimi nimetumwa tu," akasema, haniangalii usoni.

"Najua, shemeji. Karibu maji."

Mke wangu akatoka, mtoto kifuani ndani ya kanga, begi mkononi. Lile lile begi. Hata hivyo nikaenda kumpokea, kwa sababu mzazi habebi mzigo. Nilipolinyanyua likapanda juu kwa urahisi mno, karibu nijipige nalo kidevuni. Halikuwa na kitu.

"Mpelekee Mama hilo begi," alimwambia kaka yake. "Mwambie anijazie sweta za mtoto, huku kwetu kuna baridi. Na hizo ndizi zishushe, mimi sipandi."

Shemeji alinitazama, mimi nikatazama begi. Kisha mke wangu akaniagiza nikate chane moja nimpelekee jirani, nikirudi nije na mafuta ya kondoo, maana yale ya jana yamekwisha.