Chungu Nilichokitia Matabishi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, siku ya kuondoa matanga ya mama yangu, nilipoteza chungu kimoja na heshima yangu yote, na kwa kuwa Kalemie nzima (basi, nusu yake) ilikuwa uwanjani kwetu ikitazama, afadhali niwasimulie mwenyewe.

Mama alikuwa akifinyanga vyungu vya kuchujia maji. Udongo aliuchanganya na vumbi la mbao, na chungu kikiingia motoni vumbi linaungua na kuacha vitundu ambavyo jicho halivioni, humo maji ya ziwa yanapita tone kwa tone na kutoka safi. Alipokufa wateja wake waliniuliza kama nitaendelea, nami nikawaambia: siku ya matanga mtakunywa kutoka chungu cha mikono yangu, ndipo mseme.

Sasa mimi ni muuza unga wa muhogo. Mama alijaza bakuli la vumbi kisha akalikata kwa kiganja, sawa na mdomo. Mkono wangu haujui kukata. Sokoni unga lazima usimame kama kilima, halafu juu yake unatia konzi ya matabishi, ile nyongeza ya bure inayomrudisha mnunuzi kesho. Nikawaza, wageni ni wengi na vyungu vya mama vinachelewa, vitundu vikizidi maji yatakwenda haraka. Nikajaza kilima. Nikatia na matabishi.

Na siku ya matanga yalikwenda kweli! Nilikiweka chungu juu ya kibao chenye tundu, beseni chini yake, na beseni likaanza kujaa mbele ya macho ya watu. Papa Katekista, aliyekuwa amemaliza kutuombea, akasogeza kiti.

"Mama Neema, hii ni chungu ao ni robine?"

Watu wakacheka kusikia chungu kikiitwa bomba, nami (kiburi, jamani) nikajibu, "Papa, hii njo chungu ya kisasa," nikanyanyua ndoo nzima na kuimimina kwa mara moja ili waone vizuri. Kitako kikaanguka kwenye beseni, ukuta ukafuata, maji yakaenda magotini mwa Papa Katekista, na kutoka hapo kwenye makala ya moto, jivu likapanda na kutua juu ya bukari, ugali wa wageni. Mkononi nilibaki na kipande cha mdomo. Ndani kilikuwa kama mkate, vitundu vimeungana, udongo umekosa pa kusimamia.

"Fundi amekufa na ufundi wake," mteja mmoja akasema, wala hakunong'ona.

Mama Sifa, rafiki wa mama tangu usichana, akainuka akaondoka. Nikajua nimemwaibisha marehemu mpaka kwa rafiki yake. Kumbe alikwenda kwake, akarudi na chungu kichwani, cha mwisho alichofinyanga mama, akakiweka juu ya kibao changu.

Kikatoa tone. Kikatoa tone lingine.

Kwa kawaida kwenye matanga watu hula na kwenda zao. Siku ile walikaa, kila mtu akingoja kikombe chake, na mtu anayengoja husema. Papa Katekista, suruali ikimkaukia mwilini, akasimulia mama alivyomnyima maji mpaka watoto wanywe kwanza. Mwingine akasema mama aliwahi kumvunjia chungu alichokwisha kukinunua, kisa kilikuwa na ufa, akampa kingine. Hayo sikuyajua. Mimi ambaye makaburini sikutoa chozi nililia pale, kikombe mkononi, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa uzembe wangu, maana maji yangekwenda haraka nisingeyasikia maneno hayo.

Matabishi yangu sasa yanabaki sokoni. Jumatatu Mama Sifa alikuja, akaketi kando ya udongo. Nikajaza bakuli, mkono wenyewe ukarudi kwenye gunia la vumbi kuchota konzi. Akanishika kifundo cha mkono.

"Hapo, binti yangu. Kata."

Nikakata.