Kipande cha Java Nilichokiita Takataka

Nina kasoro moja ninayoijua: nikikuta kazi ya mtu mwingine, mikono inaniwasha niifumue. Hata jikoni niko hivyo, mume wangu ni shahidi. Basi nilipopewa kutunza programu ya kugawa salfa kwa wakulima wa korosho, mimi mtu wa kuja kutoka Njombe, ndiyo kwanza nimepanga nyumba mtaa wa Likombe, huku pwani ya kusini, neno langu la kwanza ofisini lilikuwa, "Hii takataka kaiandika nani?"

Alikuwa ameiandika mzee mmoja wa Kimakonde, aliyestaafu akarudi kijijini kwao Ziwani kulima mihogo. Aliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta niliyoiona ya kizee, maneno mengi kwa jambo dogo. Mimi napenda Kotlin, lugha ya juzi juzi, isiyo na porojo. Nikatangaza kwamba naandika upya kila kitu. Mzee akasikia, akanipigia simu.

"Mwanangu, huna haja ya kubomoa. Mashine pepe ni ileile."

Alikuwa sahihi, na nilijua tangu chuoni. Mashine pepe si chuma. Ni programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta. Ukiandika kwa Java au kwa Kotlin, maandishi yako hugeuzwa kuwa maagizo ya namna moja, na hayo ndiyo yanayosomwa na mashine pepe. Haijui wala haijali yalianzia lugha gani. Kwa hiyo kipande cha Java kinaweza kuitwa na kipande cha Kotlin, kikafanya kazi yake na kurudisha jibu bila mkalimani. Nilimjibu, "Sawa mzee," ile sawa ya kumnyamazisha mtu, nikaendelea kubomoa.

Kipande kimoja kilinichekesha kabisa. Kilichukua jina la mkulima, kikalitafuta kwenye orodha yake chenyewe, kisha kikachapa jina jingine. Jina lipo tayari, la nini kulibadilisha? Nikakiacha nje.

Siku ya kugawa tulianzia Mahurunga, kwenye ghala la chama cha msingi. Salfa ndiyo inayozuia ubwiriunga, ule ugonjwa mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Ukiikosa wakati wa maua, msimu umekwenda. Lori lilikuwa liondoke saa tisa alasiri, na mfuko wowote ambao mwenyewe hajautilia dole gumba ungeondoka nalo. Karani akashika kipaza sauti, akasoma jina la kwanza kwenye orodha yangu mpya.

Mara akina mama wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakiwatikisika. Babu mmoja mwenye kofia ya kufuma akasimama, akamtazama karani, akanitazama mimi na kompyuta yangu.

"Hilo nililiacha jandoni," akasema, akatoka zake.

Karani akanivuta pembeni. Huku, akanieleza, mtu akitoka jando au unyago hupewa jina jipya. La utotoni halitajwi tena, na kumwita nalo mtu mzima ni tusi. Sasa, orodha ya kwanza ya kijiji, ambayo ndiyo iliyoingizwa kwenye kompyuta, ilitolewa zamani na wazazi, waliowataja watoto wao warithi wa mikorosho kwa majina yale yale ya utotoni. "Programu ya zamani ilikuwa inajua," akasema. "Hii yako imetutukania mzee."

Kumwandikia babu peke yake jina sahihi kwa kalamu ningeweza, lakini foleni ilikuwa imejaa watu wazima, na sikujua nani mwingine ningemvunjia heshima. Wala si swali la kumuuliza mtu. Nikapiga simu Ziwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemtukana nani?"

Nilipomwambia alicheka mpaka akapaliwa. Nikamwomba anielekeze nikiandike upya kile kipande kwa Kotlin, kwa saa tatu hivi.

"Saa tatu zipi, na lori linaondoka? Kipande changu bado unacho?"

Ninacho, nikasema. Sikumwambia kimo kwenye folda niliyoiita Takataka.

"Kirudishe kama kilivyo. Kiite tu kutoka kwenye Kotlin yako."

Mistari minne! Kazi yake sikuigusa hata nukta. Java ya kizee ikaitwa na Kotlin ya juzi, mashine pepe ikazisoma zote mbili, na majina ya utu uzima yakaanza kuteremka kwenye kioo. Nilipiga ukelele hata karani akaruka. Nilifurahi, na niliona aibu, vyote kwa pamoja.

Tukachapa orodha upya, foleni ikasogea. Ila babu hakurudi, na saa nane na nusu mfuko wake ulikuwa bado ukutani. Nikamfuata kwake. Alikuwa amekaa barazani, akanipa mgongo. Nikapiga magoti.

"Babu, nimekukosea. Sikujua, na aliyejua nilimdharau. Nisamehe."

Dereva akapiga honi kule ghalani.

"Mikorosho yangu haina kosa," babu akasema hatimaye. "Lakini umeniita mbele za watu. Utaniita tena mbele za watu."

Tulirudi mbio, babu akinitangulia. Nikashika kipaza sauti mwenyewe, nikalisoma jina lake la jandoni polepole, lote. Vigelegele vikapasuka. Akatia dole gumba, akauvuta mfuko, kisha akaniuliza naitwa nani. Nikamtajia.

"Hilo walikupa lini?"

"Nilipozaliwa, babu. Kwetu ni hilohilo mpaka kaburini."

Akanitazama juu mpaka chini kwa huruma ya kweli, akawageukia wenzake kwenye foleni.

"Msimkasirikie huyu," akasema. "Hana hata jina."